Kufungua poti kwenye ruta ya nyumbani ili torenti zishuke haraka, na kitu cha kuangalia kabla hujagusa setingi yoyote

Wakuu, naomba nianze na jambo ambalo wengi wanaliruka. Kufungua poti, yaani mlango wenye namba ambao mawasiliano ya nje yanapitia kuingia kwako, hakuongezi hata kilobaiti moja kwenye spidi unayolipia. Kinachoongezeka ni idadi ya watu wanaoweza kukufikia, na kwenye torenti (njia ya watu kugawana mafaili wenyewe kwa wenyewe) hiyo ndo inayofanya faili lililokuwa linatambaa siku nzima lianze kutembea. Ukilishika hilo hutapoteza muda kwenye shida ambayo siyo yako.

Kwa hiyo kwanza piga hesabu. Kampuni za intaneti zinauza kwa megabiti ila programu ya torenti inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8. Ukiwa na kifurushi cha Mbps 20 mwisho wako ni MB 2.5 kwa sekunde, na faili kama la Ubuntu ya desktop (mfumo wa kompyuta wa bure wa familia ya Linux) ambalo ni karibu GB 6 litakuchukua dakika 40 hivi. Kama tayari unaona MB 2.2 au 2.3 pale chini basi umeshafika, acha ruta yako ipumzike. Lakini kama una hizo Mbps 20 na faili linakuja kwa KB 150, hizo GB 6 zitakula saa 11 na kitu, na hapo kweli kuna kitu kimeziba.

Kinachoziba ni hiki. Anwani za IP za aina ya zamani, yaani IPv4, ziko kama bilioni 4.3 tu dunia nzima na hazitoshi, kwa hiyo nyumba nzima yenye simu tano, TV na laptopu mbili inatumia anwani moja kwa nje. Mliosoma bweni mtaelewa haraka, shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja. Ukiandika barua wewe kwanza jibu likirudi linakufikia kwa sababu jina lako liko juu ya bahasha, lakini mtu usiyemjua akituma barua kwenye S.L.P. ya shule bila jina la mwanafunzi, barua inabaki ofisini mpaka inatupwa. Ruta inafanya hivyo hivyo, inakumbuka nani wa ndani ametuma nini nje na jibu lake inalirudisha kwake, ila anayepiga hodi kutoka nje bila kuitwa inamwacha hapo hapo mlangoni kwa sababu haijui anamtaka nani. Kufungua poti ni kubandika karatasi pale ofisini, kwamba barua yoyote itakayokuja na namba 28450 ipelekwe moja kwa moja kwenye laptopu fulani.

Sasa kwa tovuti za kawaida hii haikusumbui kwa sababu siku zote wewe ndo unaanza kuongea. Torenti ni tofauti, tangu Bram Cohen alivyoitengeneza mwaka 2001 hakuna seva moja inayogawa faili, kila anayedaunlodi anagawa pia vipande alivyonavyo, na ili watu wawili wapeane vipande lazima mmoja aweze kumfikia mwenzake. Wote wawili wakiwa na milango imefungwa kwa kawaida hawakutani (kuna mbinu ambayo programu za siku hizi zinatumia kutoboa lakini haifanyi kazi kila mara). Mmoja akiwa wazi, wanakutana bila shida. Maana yake wewe ukiwa umefungwa unabaki na wale walio wazi tu.

Faili likiwa na watu 800 wenye faili zima, hao tunaowaita masida, hutaona tofauti kubwa maana walio wazi ni wengi wa kukutosha. Utamu wa poti unauona kwenye mafaili adimu, toleo la zamani la Linux ambalo kompyuta yako ya zamani ndo inalikubali, rekodi za kale kutoka Internet Archive, vitu ambavyo masida wako 5 au 6 dunia nzima. Hapo kama wote isipokuwa mmoja nao wamefungwa, unabaki unamvuta mtu mmoja ambaye labda intaneti yake ni mbovu kuliko yako. Mimi ndivyo nilivyoanza kuhangaika na haya mambo, nilikuwa naona masida 5 ila nimeunganishwa na mmoja tu, siku mbili nzima.

Kabla ya yote: IP yako ni ya kwako peke yako?

Hii ndo sehemu ya maana kuliko zote na nawasihi msiiruke. Mimi niliiruka. Nilikaa usiku mbili nabadilisha setingi, naizima ruta, naiwasha, nafuta sheria naandika upya, kumbe kampuni niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa imeweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya kushirikiana, kwa hiyo hata ningefungua poti zote 65,535 hakuna mtu angenifikia. Mlango wa nje kabisa haukuwa wangu.

Namna ya kujua ni rahisi na inachukua dakika mbili. Ingia kwenye ruta yako kupitia brauza. Anwani imeandikwa kwenye stika chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, vifaa vingi vya fiber vya Huawei ni 192.168.100.1, ruta zao za laini ya simu ni 192.168.8.1 na MikroTik ni 192.168.88.1. Kama stika imefutika fungua "cmd" kwenye Windows uandike ipconfig, namba iliyo mbele ya "Default Gateway" ndo ruta yako. Ukishaingia tafuta ukurasa wa "Status" au "WAN" (upande wa nje wa ruta) uisome IP iliyoko pale. Alafu fungua tovuti kama ifconfig.me uone IP ambayo dunia inakuona nayo, na hakikisha VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva zake) umeizima maana itakudanganya.

Namba mbili zikifanana, safi, endelea. Zisipofanana angalia ile ya kwenye ruta inaanzaje. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127 basi kampuni yako imekuweka kwenye IP ya kushirikiana, hayo ni mafungu yaliyotengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Ikiwa ni 10 kitu, au 192.168, au 172.16 mpaka 172.31, hapo kuna mambo mawili, aidha kampuni nayo inakushirikisha na wengine ila kwa mafungu mengine, au una ruta mbili ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Hili la ruta mbili lipo kwenye nyumba nyingi sana. Fundi anakuja anafunga kile kiboksi cha fiber ambacho chenyewe tayari ni ruta, waifai yake haifiki chumbani, unaenda Kariakoo unanunua ruta ya TP-Link unaichomeka nyuma yake. Sasa una ofisi mbili za barua, ya kwanza haijui habari za ya pili. Njia nyepesi ni kuingia kwenye setingi za ile TP-Link na kuibadilisha iwe "Access Point", hapo inaacha kuwa ruta inabaki kusambaza waifai tu na kazi yote ya poti unaifanya kwenye kiboksi cha fiber. Kama unapenda TP-Link ndo iwe bosi, waombe huduma kwa wateja waweke kiboksi chao kwenye "bridge", yaani kipitishe intaneti tu bila kuwa ruta. Wengine wanakubali wengine wanagoma, inategemea. Na kama yote mawili yameshindikana fungua poti mara mbili, kwenye kiboksi uielekeze kwenye IP ya TP-Link, na kwenye TP-Link uielekeze kwenye laptopu. Inafanya kazi vizuri tu ingawa siku ikiharibika una sehemu mbili za kutafuta.

Na wale wa IP ya kushirikiana, hasa mnaotumia ruta za laini ya 4G na 5G maana huko ndo hali ya kawaida, msihangaike na ruta. Piga simu huduma kwa wateja uombe "public IP", usiombe "wanifungulie poti" maana anayepokea simu mara nyingi hatakuelewa na mtazunguka nusu saa. Kampuni nyingine wanakupa bure ukiuliza tu, nyingine wanataka pesa ya ziada kila mwezi, na kuna ambazo wanampa mteja wa biashara peke yake. Njia nyingine ni VPN ya kulipia inayokupa poti, Proton VPN na AirVPN wanatoa, Mullvad walikuwa nayo wakaitoa 2023 kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yanayoitaja achana nayo. Ukienda njia ya VPN kumbuka poti unayoiandika kwenye programu ya torenti ni ile VPN waliyokupa, ruta yako haihusiki tena kabisa.

Laptopu isiwe inahama hama

Ruta inagawa IP za ndani kwa kila kifaa na inaweza kuzibadilisha. Leo laptopu ni 192.168.0.105, umeme ukikatika na kurudi simu ya mdogo wako inawahi kuichukua hiyo namba na poti uliyofungua sasa inaelekea kwenye simu. Ndo maana watu wanasema "jana ilikuwa inafanya kazi".

Dawa yake ni kuitengea laptopu namba ya kudumu. Kwenye cmd andika ipconfig /all, tafuta "Physical Address" ya kadi unayotumia (waifai na waya kila moja ina ya kwake, angalia usichanganye), alafu kwenye ruta nenda sehemu ya "DHCP Server" utakuta "Address Reservation", weka ile Physical Address na IP unayotaka. Kwenye Windows hakikisha "Random hardware addresses" imezimwa kwa waifai yako, la sivyo laptopu inabadilisha utambulisho na ruta inaiona kama mgeni.

Na ukiweza tumia waya. Waifai ya 2.4 GHz kwenye mtaa wenye nyumba zimebanana inagombana na za majirani wote na unaweza kudhani ni poti kumbe ni hewa.

Kwenye programu

Mimi natumia qBittorrent kwa hiyo nitaelezea hiyo, ni ya bure na haina matangazo, lakini Transmission na nyinginezo mambo ni yale yale. Nenda "Tools", "Options", "Connection". Juu kabisa kuna sehemu ya kuandika poti. Chagua namba yoyote kati ya 20000 na 45000, mimi hapa nashika 28450 kama mfano, wewe weka yako. Epuka 6881 mpaka 6889, hizo ndo zilikuwa za torenti tangu zamani na kuna kampuni zinazibana makusudi. Poti iwe moja hiyo hiyo siku zote, kama programu yako ina alama ya kuchagua poti mpya kila inapowaka itoe.

Hapo chini yake kuna "Use UPnP / NAT-PMP". Hii inaiambia ruta ifungue poti yenyewe bila wewe kuingia popote. Kuna watu itawatosha, jaribu kwanza ukitaka, mtu wa haraka anaweza kumaliza hapa. Mimi naizima na kwenye ruta pia naizima, kwa sababu UPnP haiulizi anayeomba ni nani, programu yoyote ndani ya nyumba, hata kirusi kilichoingia kwenye laptopu ya mtoto, ikiomba mlango inafunguliwa. Nafungua kwa mkono mlango mmoja ninaoujua.

Kwenye ruta

TP-Link za sasa nenda "Advanced", kisha "NAT Forwarding", kisha "Port Forwarding", zile za zamani inaitwa "Virtual Servers". Huawei za fiber tafuta "Forward Rules" ndani yake kuna "IPv4 Port Mapping". ZTE nyingi iko chini ya "Application". MikroTik ni "IP", "Firewall", "NAT", unaongeza sheria ya dstnat yenye action ya dst-nat kuelekea IP ya laptopu. Majina yanatofautiana ila popote ulipo utaulizwa mambo yale yale manne: poti ya nje, weka 28450, poti ya ndani, weka 28450 hiyo hiyo, IP ya kifaa, weka ile uliyoitengea laptopu, na itifaki (namna data inavyosafirishwa), chagua zote mbili yaani TCP na UDP. Hapo kwenye itifaki wengi wanaweka TCP peke yake, afu wanashangaa inafanya kazi nusu nusu, torenti za siku hizi zinatumia UDP sana. Kama ruta yako haina chaguo la zote mbili tengeneza sheria mbili. Hifadhi.

Ukikuta menyu hiyo haionekani kabisa kwenye kiboksi cha fiber usidhani umekosea, akaunti ya mteja mara nyingi imefichwa baadhi ya kurasa, waombe kampuni wakuwekee hiyo sheria kutoka kwao, uwape namba ya poti na IP ya laptopu.

Fayawoli ya Windows

Fayawoli ni ukuta wa ulinzi ndani ya kompyuta yenyewe. Siku ya kwanza unafungua qBittorrent Windows ilikuuliza kama uiruhusu, na kama ulibonyeza "Cancel" bila kusoma, Windows haikuacha tu, iliandika sheria ya kuizuia. Hii imeshaangusha watu wengi sana ambao ruta zao ziko sawa kabisa. Bonyeza Windows na R, andika wf.msc, ingia "Inbound Rules", tafuta qBittorrent, zenye alama nyekundu zifute. Alafu nenda kwenye "Allow an app through Windows Defender Firewall" uiongeze upya, weka tiki kwenye "Private", na angalia waifai ya nyumbani kwako iwe imewekwa "Private" na siyo "Public". Ukiwa na antivairasi ya kununua yenye fayawoli yake, hapo nako pitia.

Kujua kama imekubali

Programu iwe imewaka wakati unapima, hili nalirudia kwa sababu poti haijibu kama hakuna anayesikiliza nyuma yake, na ukipima qBittorrent ikiwa imezimwa utaambiwa imefungwa hata kama kila kitu kiko sawa. Fungua canyouseeme.org, weka 28450, bonyeza. Kisha angalia chini kwenye qBittorrent, kuna kialama cha muunganiko, kikiwa kijani watu wa nje wanakufikia, kikiwa ni alama ya moto bado umezibwa.

Ila kipimo ninachokiamini mimi ni kingine. Washa torenti, bonyeza kwenye "Peers", tazama safu ya "Flags". Ukiona mtu mwenye herufi I kubwa, huyo ametoka nje akapiga hodi kwako na umemwitikia karibu. Acha torenti robo saa, ukiona wenye I wanaanza kuongezeka poti iko wazi bila ubishi.

Bado imegoma? Rudi mfululizo huu huu, IP ya WAN kwanza, ruta mbili, IP ya laptopu imehama, itifaki, fayawoli. Karibu mara zote ni mojawapo ya hayo.

Poti imefunguka lakini spidi bado

Angalia kuaplodi. Ukiacha kuaplodi bila kikomo, laini inajaa kwenda juu na zile taarifa ndogo za "nimepokea, lete kingine" zinakwama kwenye foleni, kwa hiyo hata kushuka kunapungua na nyumba nzima inalalamika waifai imekufa. Pima spidi yako ya kuaplodi, chukua kama asilimia 80, iweke kwenye "Options" sehemu ya "Speed". Ukiwa na Mbps 10 za kuaplodi, hiyo ni MB 1.25, weka kama KB 1000. Usiweke 1 au 2 kwa uchoyo, watu wanaokupa wanapendelea anayewarudishia, ukibana sana nao wanakubana.

Na vile viruta vidogo vya kupewa na kampuni vinaweza kuzidiwa na miunganiko mingi, qBittorrent inakuja na 500 kwa jumla, shusha mpaka 200 uone. Kama ruta ilikuwa inajizima au inaganda kila ukiwasha torenti mara nyingi tatizo linaisha hapo.

Mambo ya kutofanya

Kuna ushauri unazunguka wa kuweka laptopu kwenye "DMZ" ili "poti zote zifunguke". Usifanye. Hiyo ni kuondoa mlango pamoja na fremu yake, kila mtu duniani anayechokonoa anaongea na kompyuta yako moja kwa moja. Poti 445 ya kushirikisha mafaili ya Windows usiifungue kwa nje hata kwa dakika moja, ni njia hiyo kirusi cha WannaCry kilisambaa Mei 2017. Poti 3389 ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali vile vile. Na kama una kamera za CCTV usizifungulie poti kwa pasiwedi iliyokuja nayo kutoka dukani, mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani. Hapo hapo badilisha pia pasiwedi ya ruta yako kama bado ni admin.

Faili likiisha liache likae wazi siku kadhaa, hasa yale adimu. Bando lako likiwa la kuhesabiwa GB sikulazimishi, lakini mwenye fiber isiyo na kikomo hana cha kupoteza, na sasa poti yako iko wazi wewe umekuwa yule sida mmoja ambaye mtu aliyefungwa anaweza kumfikia. Ukija kubadilisha laptopu au kuacha kabisa mambo ya torenti, ingia kwenye ruta uifute ile sheria ya 28450.